Nilimwambia akae chini: barua ya mwalimu kuelekea Oktoba 14

Bwana Yesu asifiwe, mama. Shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali katika mkoa mmojawapo wa Nyanda za Juu Kusini. Huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nina darasa la tano lenye watoto 72, na mwaka huu mwalimu mkuu amenikabidhi kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Tarehe 14 Oktoba yenyewe shule hufungwa kwa kuwa ni sikukuu, hivyo sisi huadhimisha siku moja kabla. Asubuhi mstarini tunakuwa na bendera, Wimbo wa Taifa na ngonjera, kisha kila mwalimu anaingia darasani kwake na kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili.

Ngonjera nimeirithi kwa mwalimu aliyehama. Iko kwenye karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka mistari ya katikati imefutika, nami nimeijazia kwa kalamu. Kila ubeti unasema Mwalimu hakukosea, Mwalimu hakumwonea mtu, Mwalimu hana mfano. Tumeikariri kwa wiki mbili. Jumanne iliyopita mvulana mmoja anayekaa dawati la nyuma, karibu na dirisha, alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, babu kanikataza kuisema hii. Amesema wakati wa vijiji walichomewa nyumba, na mahindi yalikuwa bado darini."

Darasa zima likanyamaza. Mama, nilimwambia akae chini, tunaendelea. Akakaa. Tangu siku hiyo wenzake wakisema ngonjera yeye anachezesha midomo tu, na mimi nikimtazama anaangalia dirishani.

Jambo la pili ni la kanisani. Mimi ni mwanakwaya. Jumapili mchungaji wetu alihubiri kwamba Mkristo anayesimama mbele ya picha ya marehemu na kuimba sifa zake anampa mwanadamu utukufu wa Mungu. Hakunitaja, lakini nilihisi macho yote yako kwangu. Halafu nina binti mmoja darasani ambaye wazazi wake ni Mashahidi wa Yehova. Haimbi Wimbo wa Taifa, anasimama kimya mikono nyuma, na wiki iliyopita mwalimu wa zamu alimpigisha magoti kwa ajili hiyo. Ninao pia watoto wa Kiislamu kama kumi na watano, ambao sitaki waone siku hii imekuwa ya Wakristo kwa sababu tu mwalimu wao anapenda kanisa.

Wenzangu ofisini wanasema nisijisumbue, ni kipindi kimoja tu cha mwaka. Mimi siwezi. Nikiingia darasani naingia na Mungu wangu. Nifanyeje niadhimishe siku hii kwa moyo wangu wote bila kudanganya watoto na bila kumkosea Mungu?

Mwalimu wa Darasa la Tano

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe.

Mchungaji tutamfikia, na bendera pia. Nianze na mvulana wa dawati la nyuma, maana nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara ninakwama pale pale. Mtoto wa miaka kumi au kumi na moja alisimama mbele ya watoto 71 akasema neno alilopewa na babu yake. Alilileta kwako kwa kuwa anakuamini. Ukamwambia akae chini. Najua kwa nini ulifanya hivyo. Mwalimu akishtuka, mdomo hukimbilia amri. Mimi nimeshika chaki zaidi ya miaka 30 na nimewakalisha chini watoto wengi ambao leo ningetamani niwasimamishe tena. Wewe bado una nafasi. Mwite kando na umwambie kwa maneno mepesi: "Siku ile ulisema jambo la kweli, na mimi nilikosea kukunyamazisha. Nisamehe." Mwambie hivyo kabla hujaandaa kitu kingine chochote.

Kwa maana alichosema ni kweli. Mwanzoni vijiji vya ujamaa vilikuwa jambo la hiari. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini, na hiari ikageuka amri. Mamilioni walihama katika miaka ile. Ziko sehemu walikotangulia mgambo na malori, nyumba zikabomolewa au zikatiwa moto ili watu wasirudi nyuma. Babu wa mwanafunzi wako hakutunga hadithi, anasimulia siku iliyochukua mahindi ya watoto wake.

Na mimi nina hadithi yangu ya miaka ile ile. Nilikuwa na miaka minane. Lori lilitushusha chini ya mwembe na magunia mawili, kinu, na mama akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni. Mama alilia kwa ajili ya migomba aliyoiacha. Lakini kutoka ule mwembe hadi shule ilikuwa mwendo wa dakika tano, na kule tulikotoka shule ilikuwa ng'ambo ya mto na hakuna msichana aliyevuka. Mimi ni mwalimu kwa sababu ya lile lori. Mama hakuwahi kusahau migomba yake, nami sikuwahi kumwambia asahau. Yote mawili yalikaa katika nyumba moja. Basi yanaweza kukaa katika darasa lako.

Sasa tazama jinsi Biblia yetu inavyosimulia wakubwa wake. Daudi ni mfalme aliyeupendeza moyo wa Mungu, tunaimba zaburi zake kila Jumapili. Lakini fungua 2 Samweli 11. Yamo yote: Bathsheba, Uria, barua ya mauaji ambayo Uria mwenyewe aliibeba mkononi. Hakuna mwandishi aliyeifuta sura ile ili Daudi aonekane safi. Musa alimuua Mmisri, Petro alimkana Bwana mara tatu, na tumesimuliwa. Ukisimama mbele ya watoto ukasema kiongozi fulani hakukosea kamwe, umempa sifa ambayo Maandiko hayakumpa hata Daudi. Hapo ndipo ninaposikia hoja ya mchungaji wako ina uzito. Mimi sioni sanamu katika ile picha ya ukutani, ila naiona katika ule ubeti wa "hakukosea".

Tena Mwalimu mwenyewe hakudai kwamba hakukosea. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema hadharani kwamba kama angepewa nafasi ya kuanza upya kuna mambo asingeyafanya, akataja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika. Fikiria mtoto wa darasa la tano akisikia kwamba mkubwa wa nchi alisema "hapa tulikosea". Hilo linafundisha maadili kuliko beti kumi za kukariri. Wewe na mimi tunajua jina lake kanisani, tunaliita kuungama. Darasani liite kusema kweli, na kila mtoto, wa Ijumaa na wa Jumapili, atalielewa.

Twende kwa mchungaji. Usibishane naye kupitia kwangu; nenda kamwone, mpelekee andalio lako la somo, kwa heshima ya mtoto kwa mzazi wake. Ila nenda na 1 Petro 2:17. "Waheshimuni watu wote. Wapendeni ndugu. Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme." Mtume ameweka maneno tofauti kwa makusudi. Kucha ni kwa Mungu peke yake. Heshima ni ya watu wote, na mfalme amepewa ile ile waliyopewa watu wote. Na wakati Petro anaandika hayo, mfalme alikuwa Kaisari wa Roma, hakuwa rafiki wa kanisa. Basi kumkumbuka kwa shukrani mtu aliyeitumikia nchi hakumpunguzii Mungu kitu, maadamu tunabaki kwenye heshima na hatuvuki kwenda kwenye kucha. Na siku mtu yeyote atakapokuambia uvuke, unajua walichofanya Shadraka, Meshaki na Abednego. Walikataa kuinama, lakini walimjibu mfalme kwa adabu, na baada ya tanuri waliendelea kutumika katika wilaya ya Babeli.

Kuhusu Wimbo wa Taifa, nakuomba uimbe kwa sauti yako ya kwaya, maana ni sala. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika na wa pili unaiombea Tanzania, wanaombewa viongozi na wanaombewa watoto. Tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, kule Afrika Kusini. Unajua alikuwa nani? Alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Mwalimu mwenzako, mwanakwaya mwenzako! Alifariki 1905, akiwa kijana bado, bila kujua kwamba sala aliyowatungia watoto wa shule ingeimbwa na mataifa. Waambie watoto habari zake. Wataimba tofauti.

Na yule binti asiyeimba? Mtetee. Mimi siafikiani na mafundisho ya Mashahidi wa Yehova, na pengine wewe pia, lakini dhamiri ya mtoto haishurutishwi kwa magoti. Hata sheria ya nchi imeshanena. Wanafunzi waliofukuzwa shule kwa kutoimba Wimbo wa Taifa kwa sababu ya imani yao walifika hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na mwaka 2013 mahakama ikawapa haki wanafunzi. Zungumza na mwalimu wa zamu ofisini, kwa upole, milango ikiwa imefungwa. Anayesimama kimya kwa adabu hajaidharau nchi.

Watoto wako wa Kiislamu hawana haja ya kuvumilia siku hii kama wageni, maana ni siku ya wazee wao pia. Katika TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, walikuwamo akina Abdulwahid Sykes na Bibi Titi Mohamed, na huyo mama alikusanya wanawake wa Dar es Salaam kwa wingi ambao wanaume hawakuutegemea. Wataje kwa majina. Ukitaja na kwamba mwaka 1969 serikali ya Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, ilitaifisha shule za makanisa, ili mlango wa shule usiangalie dini ya mtoto, utaona nyuso zinavyoinuka. Kanisani kwetu jambo hilo liliwauma wengi wakati ule. Lakini darasa lako lenyewe, watoto wa dini zote kwenye dawati moja, ni tunda lake.

Umeniuliza habari ya kuingia na Mungu wako bila kugeuza darasa kuwa kanisa. Kipindi cha dini kina siku yake kwenye ratiba, na kila dini ina mwalimu wake. Kipindi hiki ni cha wote. Mungu wako ataonekana katika kusema kweli, katika kumwomba mtoto msamaha, katika kumsimamia binti asiye wa kanisa lako. Wala usidhani hicho ni kidogo.

Sasa nikutie moyo wewe mwenyewe, maana chini ya maswali yako nimesikia uchovu. Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya taifa ya mtu ambaye nchi nzima inamwita Mwalimu. Wapo waliokuwa wanajeshi, wapo waliokuwa machifu, lakini jina tulilolibakiza ni la kazi yako. Mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Alibatizwa Nyegina mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21, akijua anachokifanya. Akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha baada ya masomo ya Edinburgh akafundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1955 akaambiwa achague, ualimu au siasa. Aliacha mshahara, akiwa na mke na watoto wadogo, na miaka yote iliyofuata alikuwa akisema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, siasa ilimkuta tu. Aliporudi Butiama baada ya kung'atuka 1985, alikaa akazitia Injili zote nne katika tenzi za Kiswahili, zikachapishwa 1996. Rais mstaafu anakaa mezani akitafuta vina vya maneno ya Yesu, mpaka leo nikiwaza hilo naguswa. Kanisa lake limemwita Mtumishi wa Mungu tangu 2005, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu haujafika mwisho. Hiyo ni kazi ya Jimbo la Musoma na Roma, sisi tusimtangulize.

Basi ile karatasi iliyokunjwa iweke kabatini. Mpe kila mtoto kazi moja ya nyumbani: amuulize mzee mmoja, "Ulikuwa wapi tarehe 14 Oktoba 1999, na ulisikia nini moyoni?" Wazee wote wanaikumbuka siku hiyo Mwalimu alipofariki. Ilikuwa siku ya Alhamisi, tulikuwa darasani, na mimi nilikuwa nafundisha sehemu. Mwalimu mkuu aliingia na redio yake ndogo ya betri ameishika kifuani kama mtoto, akaiweka juu ya meza yangu bila kusema neno. Chaki yangu ilikuwa bado ubaoni kwenye robo tatu. Nakumbuka pia mzee jirani yetu ambaye hakulia siku ile, na tulijua kwa nini, naye alikwenda msibani kijijini pamoja na sisi akakaa hadi jioni.

Watoto watarudi na majibu ya kila aina. Mengine yatakuwa machozi, mengine hasira, mengine habari ya ng'ombe aliyepotea siku hiyo hiyo. Wasomeane. Gawanya ubao kwa mstari, upande mmoja waandike yale ambayo wazee wao wanayashukuru, upande wa pili yale yaliyowaumiza. Usiharakishe kuujaza upande wa kwanza. Kutokana na ubao huo, ngonjera mpya itungwe na watoto wenyewe, hata kama vina vitachechemea. Na mvulana wa dirishani akitaka, ubeti wa babu yake uwemo. Asipotaka, usimlazimishe, ameshasimama mara moja.

Mpelekee mwalimu mkuu andalio hilo siku kadhaa kabla, asije akalisikia mstarini kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni kutoka kata. Mweleze kwamba hutaki kumshusha Mwalimu, unataka watoto wamheshimu wakiwa wanajua. Wakuu wa shule wengi wana babu zao pia. Akikataa ubeti mmoja, usigombane naye. Sehemu kubwa ya kazi itakuwa imeshafanyika darasani.

Jambo la mwisho nililifanya miaka mingi na sikumwambia mtu. Fika shuleni kabla ya kengele. Fungua daftari la mahudhurio, weka kidole kwenye jina la kwanza, uwaombee wote 72 kimya kimya, jina kwa jina, Hamisi kama Yohana, bila kuruka. Inachukua kama dakika kumi. Yeremia aliwaambia watu wa Mungu wauombee amani mji waliokuwamo, kwa kuwa katika amani yake nao watapata amani, na mji wako wewe umeandikwa kwenye daftari hilo. Ukifika kwenye jina la yule mvulana, ombea na babu yake. Halafu funga daftari, toka nje, ukamtafute uwanjani kabla hawajapanga mstari.

Na uniandikie baada ya sikukuu. Nataka kujua babu alimjibu nini.